Mzimu, ngano na mtu: kulinganisha wachoraji wa The Phantom

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mjomba wangu ameniachia rundo la nakala za The Phantom, ile katuni ya magazeti ya shujaa mwenye kinyago. Nyingine zimekatwa magazetini, nyingine ni vitabu vilivyochapishwa upya. Enzi za uhai wake alikuwa akisisitiza kwamba Ray Moore ndiye mchoraji, Sy Barry ndiye fundi, na Wilson McCoy ndiye aliyeiharibu kazi. Mimi nikizisoma namwona mhusika ni yule yule, ila kila mchoraji ananifanya nimwone kwa namna nyingine, na nashindwa kueleza kwa nini. Nawezaje kulinganisha kazi zao bila kuishia kusema tu kwamba huyu anajua kuchora na yule hajui? Na je, mjomba alisema kweli kuhusu McCoy?"

Marahaba. Pole kwa kuondokewa na mjomba. Rundo alilokuachia lishike vizuri, kwa sababu mtu anayetaka kujifunza kutazama katuni hatapata darasa zuri kuliko hilo.

Nianze na McCoy, maana naona ndiye anayekusumbua. Hapana, hakuiharibu kazi. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa miaka mingi, na nilikuwa nimekosea kwa sababu ile ile iliyomkosesha mjomba wako: tulikuwa tunampima McCoy kwa kipimo cha Barry. Tulitafuta misuli, mikunjo ya nguo na miti yenye magome, tukamkuta hana, tukafunga hesabu. Hatukujiuliza alikuwa anafanya nini mahali pa hivyo vitu.

The Phantom ina jambo moja ambalo ni nadra sana katika katuni za magazeti zilizodumu. Kwa kawaida mchoraji mpya huja karibu pamoja na mwandishi mpya, au mchoraji ndiye mwandishi, kwa hiyo hadithi inapobadilika ladha huwezi kujua kilichobadilika ni kalamu ya maneno au kalamu ya picha. Hapa Lee Falk aliianzisha hadithi tarehe 17 Februari 1936, kupitia King Features Syndicate, kampuni ya Marekani inayosambaza katuni magazetini, miaka miwili baada ya kuanzisha Mandrake, katuni yake nyingine, na akaendelea kuwa mwandishi wake mpaka alipofariki Machi 1999. Hiyo ni miaka 63. Wachoraji walipita chini yake mmoja baada ya mwingine: Moore tangu mwanzo, McCoy tangu mwaka 1942, Barry kuanzia 1961 hadi 1994, kisha wengine. Maneno kwa sehemu kubwa sana ni ya mtu mmoja, mhusika ni mmoja, pango analoishi ni lile lile, pete anayovaa ni ile ile. Kinachobaki kutofautiana ni mkono. Ni kama kumsikiliza mtunzi mmoja akiimbiwa shairi lake na waimbaji watatu.

Tena Falk alikuwa na tabia ya kurudia. Kila baada ya muda aliwakumbusha wasomaji wapya chimbuko la shujaa wake: mwaka 1536 maharamia wanashambulia meli, kijana mmoja anaokoka na kutupwa na mawimbi kwenye ufuo wa Bangalla, nchi ya kubuni; Wabandar, watu wa msitu wa huko, wanamwokota na kumtunza, na siku moja anaukuta mwili wa haramia aliyemuua baba yake. Anashika fuvu la mwuaji huyo na kuapa kwamba yeye na kizazi chake watapambana na uharamia, dhuluma na ukatili. Mwana anarithi vazi la baba, na watu wa nje wanadhani ni mtu mmoja asiyekufa. Mhusika tunayemfuata ni wa 21.

Kiapo hicho ndicho mzani wako. Kitafute katika rundo lako kwa mikono tofauti uwezavyo, ukipange mezani bega kwa bega. Usilinganishe kiapo cha mmoja na mapigano ya mwingine. Kila mchoraji ana mandhari anayoyapenda na mandhari anayoyavumilia, nawe ukiokota kizuri cha huyu na kibaya cha yule utakuwa umetoa hukumu kabla ya kesi. Baada ya kuzipanga, funika viputo vya maneno kwa vipande vya karatasi, rudi nyuma hatua mbili au tatu, kisha ukodoe macho kidogo mpaka mistari ipotee. Kitakachobaki ni madoa meusi na meupe. Swali langu kubwa, ambalo nakuomba uliweke mahali pa lile la nani anajua kuchora, ni hili: kwa mchoraji huyu, weusi unafanya kazi gani?

Kwa Ray Moore, weusi unaficha. Moore alizaliwa mwaka 1905 na alikuwa msaidizi wa Phil Davis, mchoraji wa Mandrake, kabla ya kukabidhiwa hadithi hii mpya. Mistari yake ni myembamba, mingi, kama manyoya. Kivuli hakianzi ghafla, kinaingia polepole mpaka kinameza nusu ya chumba. Mara nyingi shujaa haonekani mzima. Unaona umbo ukutani, unaona ngumi inaingia kutoka pembeni ya kisanduku, unaona kichwa kilichofunikwa kikitokeza gizani. Falk alikuwa ameamua kwamba macho ya mhusika wake yasionyeshe mboni, wazo alilosema lilitokana na sanamu za Kigiriki. Kwa mchoraji mwingine macho yale yangekuwa pambo tu. Kwa Moore ni vipande viwili vyeupe ndani ya weusi, na unapovitazama huna hakika kama vinakutazama wewe.

Kumbuka pia hadithi yenyewe ilivyokuwa miezi ile ya kwanza. Falk alikuwa amepanga kwamba Phantom awe kijana tajiri wa mjini, Jimmy Wells, anayejifanya mvivu mchana na kuvaa kinyago usiku. Akabadili mawazo hadithi ikiwa tayari inaendelea, akampeleka mhusika msituni na kumpa nasaba ya karne nne. Kwa hiyo Moore alikuwa anamchora mtu ambaye hata mwandishi wake alikuwa bado anatafuta ni nani. Kivuli kilikuwa jibu la kweli kwa tatizo hilo. Wenyeji wa Bangalla wanamwita Mzimu Utembeao, na katika miaka yote ya katuni hii sioni mwingine aliyenifanya niliamini jina hilo kuliko Moore. Ukinilazimisha kubaki na kipande kimoja tu cha kazi hii yote, nitachukua miaka yake ya kwanza.

Lakini angalia anacholipia. Mahali kwa Moore hapana uzito. Msitu wake ni giza lenye majani machache, mji wake ni mlango na taa. Ukimwuliza msomaji wa hadithi zake Bangalla ikoje, atakueleza hali ya hewa ya moyo, hatakueleza nchi.

Sasa McCoy. Moore alipoingia jeshini mwaka 1942 wakati wa vita kuu ya pili, kazi ilimwangukia msaidizi wake, Wilson McCoy. Mwanzoni McCoy alimwigiza bosi wake kwa bidii, na kwa mtu mwenye adabu ya kazi hilo ndilo jambo la kufanya: gazeti limenunua Moore, mpe Moore. Ni baada ya vita, Moore alipokuwa akirudi na kujitoa kidogo kidogo, mpaka karibu na mwisho wa muongo ule akaacha kabisa, ndipo mkono halisi wa McCoy ukatoka. Na ulipotoka haukufanana na Moore hata kidogo.

McCoy aliuondoa usiku. Mstari wake ni mnene, wa unene karibu mmoja kutoka kichwani hadi miguuni, unaozunguka umbo lote kama waya. Ndani ya mzunguko huo kuna weupe. Watu wamesimama wima, wengi wakionekana kwa upande au kwa mbele moja kwa moja, kama waigizaji wa jukwaa dogo. Nyuma yao kuna mti mmoja, au kibanda, au hakuna kitu. Ukikodoa macho kama nilivyokuambia, ukurasa wa Moore unakuwa wingu la mvua na ukurasa wa McCoy unakuwa ramani.

Mjomba wako aliona umaskini hapo. Mimi nakuomba ufanye jaribio lingine: soma hadithi nzima ya McCoy bila kusimama, kisha nzima ya Moore. Ya McCoy utaimaliza kwa kasi kubwa zaidi, na hutapotea mahali popote. Hujiulizi nani ni nani, nani kasimama wapi, nani kashika bunduki. Hadithi za Falk za miaka ya 1950 zimejaa watawala wabishi, mashindano ya nguvu, majitu, hazina na mitego. Kwa maana halisi ni ngano. Na ngano haihitaji kivuli. Bibi akisimulia habari ya sungura na fisi hakuelezi mwanga uliangukia wapi. McCoy alikuwa anasimulia ngano kwa mstari wa ngano, na nadhani Falk alilihisi hilo, kwa sababu alizidi kumwandikia hadithi za aina hiyo.

Kuna na suala la ukubwa, ambalo wakosoaji hulisahau kwa sababu wengi wetu tunatazama michoro katika vitabu vikubwa vya karatasi nzuri. Uhaba wa karatasi wakati wa vita uliwafanya wahariri wabane katuni, na baada ya vita nafasi haikurudi kama zamani. Miaka ilivyokwenda visanduku vilizidi kusinyaa. Manyoya ya Moore yakichapwa kwa udogo kwenye karatasi ya gazeti yanashikana na kuwa matope. Mstari wa McCoy unabaki ulivyo hata ukiupunguza mpaka upana wa vidole viwili. Ndani ya rundo lako, chukua kipande cha gazeti halisi cha McCoy, usichukue kitabu, ukitazame kwa umbali ambao mtu husomea gazeti. Ndipo utakapoona alichokuwa anakijua.

Kasoro zake zipo na sizifichi. Nyuso zake zinafanana kupita kiasi, hasa za wanaume wabaya, na mwili unapopaswa kuruka au kuanguka unabaki kama mwanasesere aliyeinamishwa. Farasi wake namwacha kwa heshima. McCoy alifariki mwaka 1961 akiwa bado kazini.

Sy Barry, aliyepokea kazi mwaka huo, alikuwa na umri wa miaka 33 na alikuwa ametokea kwenye vitabu vya katuni, ambako alisifika kwa kutia wino, yaani kupitia kwa wino michoro iliyochorwa kwanza kwa penseli. Hilo la wino ndilo la kulishika. Barry ni mtu wa brashi. Mstari wake unaanza mwembamba, unanenepa kwenye mgongo wa msuli, unarudi mwembamba kwenye kiwiko. Ukiufuata kwa kidole unahisi uzito wa mkono. Na weusi, ambao McCoy aliufukuza, unarudi, ila unarudi na kazi nyingine. Kwa Moore kivuli kilificha mwili. Kwa Barry kivuli kinaujenga. Mwanga una upande unaotoka, na ukitazama kifua cha Phantom unaweza kuonyesha taa iko wapi. Hapa mhusika kwa mara ya kwanza ana kilo. Anapompiga mtu, kiti kinavunjika kweli.

Mandhari nzuri ya kuliona hili ni pale Phantom anapokwenda mjini kama Bwana Walker, amevaa koti refu, kofia na miwani myeusi, pembeni yake mbwa mwitu Devil. Ni mandhari iliyorudiwa katika enzi zote. Kwa Moore mtu huyo ni tishio linalopita chini ya taa ya barabarani, na ungevuka upande wa pili. Kwa McCoy ni shujaa aliyejificha, na kila msomaji anafurahi kwa sababu anajua siri ambayo wapita njia hawaijui. Kwa Barry ni abiria. Koti lina mikunjo ya koti, uwanja wa ndege una madirisha na foleni, na unaweza kuamini kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kuulizwa tiketi. Falk aliandika sentensi zinazokaribiana sana kwa wote watatu. Huo umbali uliopo kati ya tishio, siri na abiria ndio mchango wa mchoraji.

Kwa sisi tunaosoma kutoka bara ambalo hadithi inadai kulisimulia, kuna kipimo kingine ambacho mjomba wako hakukitaja, nami sitakiruka. Tazama watu wa Bangalla. Mwanzoni nchi hiyo haikuwa na mahali pa kueleweka: jina lake na wale maharamia wa chimbuko, walioitwa Singh, vilielekeza Asia, halafu ikasogea na kuwa Afrika, na simba na chui milia wakaachwa waishi pamoja. Kwa Moore wenyeji ni umbo la umati gizani, mikuki na macho. Kwa McCoy wamekuwa wazi zaidi lakini ni alama tupu, uso mmoja uliorudiwa mara kumi. Sababu moja ni kwamba hata Wazungu wake wanafanana, ila sababu hiyo haitoshi, kwa maana Mzungu wake angalau hupewa jina na masharubu. Katika miaka ya 1960, nchi za Afrika zilipokuwa zikipata uhuru, Falk aliigeuza Bangalla kuwa nchi yenye serikali na rais wake Mwafrika, Lamanda Luaga, ambaye kabla ya siasa alikuwa daktari. Baadaye hata Doria ya Msituni, kikosi cha ulinzi katika hadithi, ikapata kamanda Mwafrika, Kanali Worubu. Mwandishi aliweza kuandika hayo kwa sentensi moja. Lakini sentensi isingetosha kama mchoraji hana uso wa kumpa rais. Barry alimpa Luaga paji la uso, mashavu, suti iliyomkaa, meza ya kazi, uchovu wa mtu anayesoma barua usiku. Kiongozi wa Wabandar, Guran, naye akapata uzee wake mwenyewe na namna yake ya kutabasamu. Sisemi kwamba wazo la msingi la hadithi limepona: bado ni Mzungu kwenye kiti cha fuvu, akiamua mambo ya msitu usio wa mababu zake. Barry hakuwa na uwezo wa kulifuta hilo. Alichoweza ni kuwafanya watu waliomzunguka wawe watu, na katika kurasa hizo brashi ilitenda haki kuliko mpango wa hadithi ulivyoruhusu. Kwa hili peke yake nampa Barry heshima ambayo simpi Moore, pamoja na mapenzi yangu yote kwa Moore.

Barry alikaa miaka 33. Piga hesabu: siku sita kwa juma, majuma 52, utapata zaidi ya katuni 10,000 za kila siku kabla hujagusa kurasa za Jumapili. Hakuna mkono mmoja unaofanya hivyo. Alikuwa na wasaidizi, na mmoja wao, George Olesen, alichora kwa penseli sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa miaka mingi huku Barry akiishikilia kwa wino. Ndiyo maana Barry alipostaafu mwaka 1994 na kazi ikabaki kwa Olesen, akitiliwa wino na Keith Williams, wasomaji wengi hawakushtuka. Penseli ilikuwa ile ile. Ila linganisha vizuri na utaona kitu kimepungua: mwili uko sahihi, mandhari yako sahihi, lakini mstari haunenepi tena pale ambapo Barry angeunenepesha. Hapo ndipo nilipojifunza mimi kwamba katika kazi ya Barry nafsi ilikuwa kwenye wino.

Waliofuata nitawapitia haraka, kwa sababu maneno nayo yalianza kubadilika baada ya Falk kufariki, hasa Tony DePaul alipochukua uandishi, na mzani wetu safi haupo tena. Graham Nolan, aliyetoka kwenye vitabu vya Batman, alichora kurasa za Jumapili kuanzia mwaka 2000 na kuzipa upana wa kitabu. Paul Ryan, aliyekuwa amechora sana vitabu vya katuni vya kampuni ya Marvel, alichukua zile za kila siku mwaka 2005 hadi alipofariki Machi 2016. Kwake kila kitu ni imara na kinasomeka, shujaa ana mabega kama mlango, na usiku umekuwa mchana wenye rangi ya bluu. Eduardo Barreto wa Uruguay alifanya Jumapili kwa miezi michache tu ya mwaka 2011 kabla ya kifo chake, na bado inaniuma, kwa sababu alikuwa ameanza kurudisha giza. Baada yake Terry Beatty, kisha Jeff Weigel tangu 2017. Mike Manley alipoanza zile za kila siku mwaka 2016 alifanya jambo ninalolipenda: alirudi kwenye madoa makubwa ya weusi. Kwenye kisanduku kidogo cha gazeti la leo, kivuli cha kujaza nusu nzima kinafanya kazi mbili, kinaleta hofu ya Moore na kinasomeka kwa urahisi wa McCoy. Ukitaka ushahidi kwamba mambo ya zamani hayakuwa makosa ya kurekebishwa, mtazame yeye.

Sasa tahadhari, maana rundo lako lina mchanganyiko. Katuni ya kila siku ni nyeusi na nyeupe, visanduku viwili hadi vinne. Ya Jumapili, iliyoanza tarehe 28 Mei 1939, ina nafasi kubwa zaidi, ina rangi, na ina hadithi yake tofauti. Mchoraji huyo huyo hutenda kwa namna mbili, kwa hiyo pima siku kwa siku na Jumapili kwa Jumapili. Rangi usimhesabie mchoraji kabisa. Falk alifikiria vazi la kijivu, wachapishaji wa Jumapili wakaweka zambarau. Italia likawa jekundu, nchi za Skandinavia likawa la bluu. Ukiona Phantom mwekundu usianze kumsifu mtu kwa ujasiri. Na vitabu vya kuchapishwa upya, hasa vya zamani, vilikuwa na desturi ya kukata visanduku, kurefusha mandhari kwa mkono wa mtu mwingine na kuhamisha viputo ili vitoshee ukurasa. Ukikuta mpangilio wa ajabu ndani ya kitabu, tafuta kipande cha gazeti kabla ya kumlaumu aliyechora.

Kuhusu nakala zisizo na uhakika wa mkono, hasa za kati ya 1942 na mwisho wa muongo ule, sahihi isikudanganye, na uso wa shujaa usikudanganye pia. Uso wa shujaa ndicho kitu ambacho mwigaji hukikazania. Katika karne ya 19 alikuwepo Mwitaliano Giovanni Morelli, aliyesomea udaktari, ambaye alifundisha kutambua wachoraji wa zamani kwa masikio na kucha, vitu vidogo ambavyo mkono huvichora wenyewe bila kufikiri. Njia hiyo inafaa hapa mno. Tazama vidole vya mtu asiye muhimu, yule aliyesimama nyuma. Tazama mkunjo wa suruali kwenye goti, na majani ya pembezoni. Moore huachia mstari ufifie kabla haujafika mwisho, McCoy huufunga. Hata pale anapomwigiza Moore kwa vivuli vyote, kidole cha mtu wa nyuma kitakuwa kimezungushiwa mstari uliofungwa. Mimi huanzia kwenye vidole, na mara chache nimehitaji kwenda mbali zaidi.

Kwa nakala ambazo tarehe imekatika, hadithi yenyewe itakusaidia. Phantom na Diana Palmer walifunga ndoa mwaka 1977, na mapacha wao, Kit na Heloise, walizaliwa mwaka 1979. Ukiona harusi, au ukiona watoto wachanga pangoni, uko katikati ya enzi ya Barry. Ukiona rais Luaga lakini Diana bado ni mchumba, uko kati ya miaka ya 1960 na harusi. Zitenge kwanza kwa namna hiyo, kila enzi na bahasha yake. Halafu chukua kiapo kimoja kutoka kila bahasha, vifunike viputo, na uniandikie ulichokiona kwenye weusi kabla hujasoma tena maneno yangu haya.